Nani Anayeendelea

Mama mdogo hula na simu pembeni ya sahani, kioo kikiangalia juu, kama mgeni aliyekaribishwa mezani. Ikilia, kijiko kinasimama hewani. Anaangalia jina, halafu ama anaendelea kula ama anainuka. Bibi, ambaye ndiye mama yake mzazi na ndiye mwenye nyumba tunayokaa wote watatu, alishachoka kumsema. Siku hizi anasema tu, "Binti yangu kaolewa na simu, na mimi hata posa sikuiona."

Kazi ya mama mdogo ni kutibu saratani kwa dawa. Si yule anayepasua, wala si yule anayechoma kwa mionzi. Yeye ni wa dripu na vidonge. Majirani wakiuliza, Bibi hujibu kwamba binti yake ni daktari wa damu, maana lile neno lingine hataki lipite mlangoni kwake. Mama mdogo humwacha aseme hivyo.

Hakuanzia huko. Alianza na homa, vidonda na watoto waliomeza vifungo vya mashati. Halafu akapangiwa wodi ya mwisho kabisa kwenye korido, ile ambayo madaktari wenzake waliipita haraka huku wakitazama saa. Alidhani atakaa kidogo ahamishwe. Lakini kuna siku alimuuliza daktari aliyekuwa mkubwa wake, dawa hii tunayompa huyu mama, tumejuaje kwamba ndiyo bora kwake? Mkubwa wake akafikiri, akamjibu kwa ukweli, "Tumezoea."

Jibu hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaomba kwenda kusoma tena, akaenda, na miaka mingi ikapita Bibi akimuona kwenye picha tu. Aliporudi, kazi yake iligawanyika mara mbili: nusu wagonjwa, nusu utafiti. Huo utafiti alinieleza siku moja tukiwa tunamenya viazi. Wagonjwa wanaokubali wenyewe wanagawanywa makundi mawili. Kundi moja linapewa dawa inayojulikana, jingine linapewa hiyo hiyo pamoja na mpya. Wote wanapigwa picha za ndani ya mwili kila baada ya muda, na wanalinganishwa. Picha ikionyesha uvimbe umekua, mgonjwa anatolewa kwenye utafiti siku hiyo hiyo, anaanzishiwa tiba nyingine. Hapo ndipo aliponyoosha kisu, akasema, "Hapo hakuna kuchelewa. Utafiti unaweza kungoja. Ini la mtu halingoji."

Mtaani walimwita daktari wa kujaribu-jaribu. Aliwasikia. Hakuwahi kujibu. Lakini mimi niliona kwamba kila ikikaribia siku ya picha za wagonjwa wake, anapanga upya viatu vya nyumba nzima.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa Breki.

Breki ni mwalimu wa kuendesha gari. Gari lake lina pedali ya pili ya breki upande wa mwalimu, na ameikanyaga sana huku akiitaja kwa sauti, mpaka jina lake la kuzaliwa likasahaulika. Ndiye aliyemfundisha mama mdogo gari, zamani, kabla hajawa daktari wa chochote. Alipoanza kuona damu chooni alikaa kimya muda mrefu kama wanaume wengi. Alipofika hospitali, saratani ya utumbo mpana ilikuwa imeshatuma wajumbe kwenye ini. Mama mdogo alimweleza kuhusu utafiti, akamwambia ana haki ya kukataa.

"Nikatae nini?" Breki alimjibu. "Mimi maisha yangu yote wanafunzi wananijaribu kwenye makutano ya barabara. Na wewe nijaribu, angalau umesoma."

Alikubali. Akawekwa kundi la dawa mpya, vidonge pamoja na dripu. Akawa anakuja kliniki na kofia yake, anachekesha foleni nzima.

Sasa kilichotokea siku ya picha yake, mimi sikuwepo. Nimekisikia kwa mama mdogo mwenyewe, na kwa Breki, na kwa Sista Mkuu wa kliniki, na wote watatu wamekieleza sawasawa.

Kliniki ilikuwa imejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi. Breki akaingia, akakaa. Mama mdogo alikuwa anaitazama picha kwenye kompyuta. Hakumwangalia Breki, aliangalia ini. Akasema, "Unaendelea. Itabidi tubadilishe mpango. Sista atakueleza, usiondoke." Breki akasema asante Mungu. Hapo hapo mlango ukafunguliwa kwa kishindo: kuna mgonjwa amevimba uso kwenye chumba cha dripu. Mama mdogo akatoka mbio.

Unaendelea. Madaktari wa pale wanalisema hivyo wao kwa wao mchana kutwa. Umetulia. Umepungua. Unaendelea. Kila mmoja anajua ni uvimbe unaosemwa. Wamelisema hadi hawasikii tena kwamba neno halina mwenyewe.

Breki alisikia anaambiwa yeye. Akatoka na uso unaong'aa. Sista alipomuona anang'aa, akadhani ameshaelezwa vizuri na kupangiwa siku. Akampungia mkono.

Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi asubuhi, tulikuwa mezani, mimi, Bibi na mama mdogo. Simu ikatoa mlio mfupi, ule wa ujumbe wa sauti. Mama mdogo alipoona jina la Breki alitabasamu, akaufungua tusikie wote, maana Bibi anazipenda porojo zake.

"Daktari, habari za asubuhi," Breki alisema, na nyuma yake gari lilikuwa linanguruma. "Wewe mwanafunzi wangu mbovu kuliko wote. Nimechelewa kukushukuru. Tangu uliponiambia naendelea, nimerudi kazini. Vile vidonge nimeviacha, si ulisema tunabadilisha mpango? Nikajua mpango wenyewe ndio huo, mwili upumzike. Mke wangu anasema macho yana umanjano, nimemwambia ni vumbi la uwanjani. Nitapita kukuona nikipata nafasi. Sasa nazima simu, nina mtu hapa anadhani klachi ni pambo."

Bibi akacheka. Mama mdogo alikuwa bado anatabasamu, lakini lile tabasamu lilikuwa limeachwa tu usoni, mwenyewe hayupo. Akausikiliza ujumbe tena. Uliposema umanjano, akaweka kikombe chini.

"Nilimwambia nini?" akauliza. Hakuwa anatuuliza sisi. "Unaendelea. Nilimwambia, unaendelea."

"Nani anaendelea?" Bibi akauliza.

"Uvimbe, mama."

Bibi akamtazama. "Mbona mimi nimesikia ni mtu? Wewe ukija kitandani kwangu ukaniambia unaendelea, mimi nitaagiza nguo mpya."

Mama mdogo aliinuka. Alishaanza kupiga simu. Ya Breki haipatikani. Akampigia Sista Mkuu, akasimama dirishani. Nikasikia upande wake tu: hakuja? Hata mara moja? Ulidhani mimi nimempangia? Kisha, "Hapana, Sista, si wewe. Ni mimi. Tumezoea." Alipolitamka hilo la mwisho alifumba macho kama mtu aliyeng'ata ulimi.

Akampigia mke wa Breki. Yule mama akasema mumewe yuko uwanja wa mazoezi, na simu huwa anazima akiwa na wanafunzi. "Kuna ujumbe nimpe?"

"Hapana. Nakwenda mwenyewe."

"Daktari," mke wa Breki akasema, sauti ikitoka mpaka nilipokaa, "mbona unaongea kama mtu aliyepotelewa na mtoto?"

Mama mdogo akasema atampigia baadaye, akachukua ufunguo wa gari. Akaniambia, "Twende." Ana kawaida hiyo, akiwa na hofu hapendi kukaa peke yake kwenye gari.

Njiani aliendesha vibaya, akipita matuta bila kupunguza mwendo. Akaanza kunieleza bila mimi kuuliza, na nadhani alikuwa anajieleza mwenyewe. Macho yakiwa manjano maana yake ni moja kati ya mbili. Ama uvimbe umebana njia ya nyongo tu, na njia inaweza kuzibuliwa kwa kuweka mrija mdogo. Ama ini lenyewe limeshaliwa sana. Dawa ya pili ipo, lakini huchujwa na ini. Ini likiwa limechoka kupita kiasi, dawa hiyo inaua badala ya kusaidia, na hakuna wa kuthubutu kuitoa.

"Ningemwanzishia siku ile ile ingekuwa rahisi," akasema. "Sasa sijui. Mpaka damu ipimwe, sijui."

"Na kama ini limechoka?"

Akabadilisha gia, gari likalia. "Basi neno langu ndilo lililomfungia njia."

Uwanja wa mazoezi ni kiwanja cha vumbi kilichopangwa matairi ya zamani. Gari la Breki lilikuwa linarudi nyuma kama kaa, na dereva alikuwa kijana mrefu aliyekunja shingo. Breki alikuwa kiti cha mwalimu. Alipotuona akamsimamisha yule kijana, akamteremsha, akamwambia apumzike kivulini na aombe msamaha kwa yale matairi. Kisha akatoa kichwa dirishani.

"Leo nimetembelewa na aibu yangu," akasema. "Ingia hapo kwenye usukani, Daktari. Tuone kama umesahau vyote au bado kuna kimoja."

Alikuwa amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Mama mdogo akaingia. Mimi nikabaki nje, nikiwa nimeshika mlango wa nyuma.

"Na huyu?" Breki akauliza.

"Mtoto wa dada yangu. Nina maneno ya hospitali, Mwalimu. Akae nje?"

"Aingie. Mimi sina siri, nina foleni tu."

Nikaingia nyuma. Mama mdogo akaweka mikono yote miwili kwenye usukani, ingawa gari lilikuwa limezimwa.

"Mwalimu, siku ile nilikuambia unaendelea."

"Uliniambia. Neno hilo limenilisha mpaka leo."

"Nilikuwa nasema uvimbe. Uvimbe ndio unaoendelea. Sikuwa nakusema wewe."

Nje yule kijana alikuwa amekaa juu ya tairi, anakung'uta viatu. Breki alimtazama kupitia kioo cha mbele, kama vile hilo ndilo jambo la muhimu.

"Rudia," akasema. "Polepole. Kama unapita kwenye matope."

"Dawa ya utafiti haikukusaidia. Picha ilionyesha uvimbe kwenye ini umekua. Ilitakiwa nikae, nikuangalie, nikuambie kwa maneno haya haya. Sikufanya. Kosa ni langu."

"Umesoma mpaka vitabu vikaomba likizo," Breki akasema, "ukashindwa kuweka neno moja mbele? Uvimbe. Basi. Uvimbe unaendelea. Ingekugharimu nini?"

"Hakuna."

"Nimewaambia watoto. Yule wa mbali kalia kwa furaha kwenye simu. Sasa nimrudie nimwambie nini, kwamba baba yako kaponzwa na sarufi?" Alicheka, lakini cheko halikutoa sauti, mabega tu ndiyo yalitikisika. Kisha akauliza, "Siku zote hizi zimenipunguzia nini?"

"Sijui."

"Wewe daktari."

"Sijui, Mwalimu. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya."

"Siku ile hukunidanganya," Breki akasema. "Ulinipa furaha ya mtu mwingine, nami nikaivaa. Ilinitosha vizuri tu."

Mama mdogo akamgeukia. Akamwambia waende hospitali damu ipimwe. Breki akasema Jumatatu, maana yule kijana na wenzake wawili wana mtihani.

"Leo."

"Jumatatu asubuhi, kabla hata hujafungua mlango."

"Leo, Mwalimu. Hilo si vumbi."

Breki akainua mkono, akakigeuza kioo kidogo cha juu kimwelekee yeye. Akavuta ngozi ya chini ya jicho kwa kidole. Hata mimi nyuma niliona, rangi kama ya ganda la ndizi. Alijitazama jicho moja, akahamia la pili, akarudi la kwanza. Akakiacha kioo kikiwa kimepinda hivyo hivyo.

"Basi shuka, niendeshe mimi," akasema. "Wewe utatuua kabla ya hilo ini."

"Miguu yako ina ganzi."

"Nani kasema?"

"Kiatu chako cha kushoto kimekuvuka tangu nimeingia. Hujui."

Akaangalia chini. Ndala ilikuwa imelala kando ya ile pedali yake, na mguu mtupu umekaa juu ya chuma. Ganzi hiyo huletwa na dripu za mwanzo. Mama mdogo akainama, akamvisha. Breki akaendelea kuuangalia mguu wake. Nadhani alikuwa anawahesabu kichwani wale wote aliowafundisha wiki hizo, akidhani mguu wake upo kwenye breki.

Alimwita yule kijana, akamwambia mazoezi yamekwisha na asiendeshe chochote mpaka aambiwe. Tukaenda na gari la mama mdogo. Njia nzima Breki alimkosoa. Gia ya pili. Kioo. Unaogopa nini, hilo ni punda tu. Mama mdogo akawa anatii, na gari likatulia.

Hospitali ya Jumamosi ina mwangwi. Sista Mkuu alikuwa ameshafika kutoka kwake, kajifunga kanga juu ya gauni la nyumbani, tayari na sindano. Akatoa damu. Mke wa Breki alikuwa njiani. Mama mdogo akakaa kwenye benchi karibu na mgonjwa wake.

"Kabla hajafika," akasema, "niambie mimi. Nilichokuambia, umekielewaje?"

"Unanitahini?"

"Ndiyo."

Breki akavua kofia. "Uvimbe unaendelea. Mimi nimesimama. Vidonge vya utafiti vimeshindwa. Ipo dawa ya pili, kama ini litaikubali."

"Na hiyo ya pili?"

"Haitaniponya. Itauzuia uvimbe barabarani kwa muda, usinipite." Akamtazama. "Nimefaulu?"

"Umefaulu."

"Mara ya kwanza. Wewe wako ulirudia."

Mke wake alipofika, Breki alimwambia mwenyewe. Alikataa daktari amsaidie. Mama mdogo akasogea hadi ukutani, lakini hakwenda mbali. Alikuwa anasikiliza kila neno, midomo yake ikienda pamoja na ya Breki, kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma. Mke wa Breki alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo.

"Nilikuambia macho," akamwambia mumewe. "Nilikuambia."

"Uliniambia, mke wangu."

Akamgeukia mama mdogo. "Na wewe, ungekuwa mimi, ungemkasirikia nani?"

"Daktari."

"Basi nitakukasirikia. Lakini baadaye. Sasa hivi nakuhitaji."

Majibu ya damu yalipotoka, Sista aliyaleta akitembea, hakukimbia, na mama mdogo akasimama kabla hajafikiwa. Alisoma mstari mmoja, akashuka hadi mwingine, akarudi juu. Nikamwangalia shingoni, maana usoni huwa hasomeki. Mshipa ulikuwa unaruka. Kisha akakaa kati ya Breki na mkewe, akawaangalia mmoja mmoja.

"Umanjano kwenye damu ni mwingi," akasema. "Ni mwingi kuliko unaoruhusu dawa ya pili. Lakini kazi nyingine za ini bado zipo. Inaelekea njia ya nyongo imebanwa. Tukiizibua, umanjano unaweza kushuka. Ukishuka, tunaanza dawa. Usiposhuka, hatuanzi, na nitakuambia hivyo."

"Nimesikia unaweza," Breki akasema. "Sikusikia utashuka."

"Umesikia vizuri."

Aliwekewa mrija. Mtaalamu wa kuuweka alitaka kungoja hadi zamu yake, mama mdogo akampigia simu mpaka yule mtu akaona heri aje. Baada ya hapo ikawa kungoja. Damu ilitolewa, umanjano ukashuka kidogo. Ikatolewa tena, haukushuka. Nyumbani hakuna kiatu kilichobaki mahali pake. Bibi naye, ambaye hajawahi kuuliza habari za mgonjwa yeyote, akawa anauliza kila jioni, "Yule wako, njano yake?" Mama mdogo akamjibu kwa sentensi nzima, njano imefanya hivi, ini limefanya vile, kila kitu na mwenyewe wake.

Katikati ya siku hizo aliandika kwa kamati inayosimamia utafiti, akaeleza alichosema na kilichosikika. Wangeweza kumsimamisha. Walimwita, wakamuuliza maswali nusu siku, wakamwacha aendelee na kazi huku wakimwangalia. Alirudi amechoka, akalala na viatu.

Umanjano ulishuka tena, taratibu, mpaka ukagusa kiwango kinachoruhusiwa na kupita chini yake kidogo sana. Kidogo hivi kwamba mama mdogo aliamuru upimwe upya, asije akawa amesoma anachokitaka. Ukapimwa upya. Ulikuwa chini.

Dripu ya kwanza walimpunguzia kipimo. Nilikuwepo, nimempelekea mama mdogo miwani aliyoisahau. Breki alikuwa kwenye kiti cha kuegemea, mkewe pembeni, Sista anafunga plasta. Dawa ikaanza kudondoka kwenye mrija.

"Na hii ikishindwa?" Breki akauliza.

"Nitakuambia."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo. Na sitatoka chumbani mpaka uniambie umesikia nini."

"Hata kama kuna mtu kavimba?"

Mama mdogo akatazama mlango. Mkewe Breki naye alikuwa anangoja jibu.

"Kama kuna mtu kavimba, nitakwenda," akasema. "Halafu nitarudi. Hutaondoka hapo mpaka nirudi."

Breki akafikiri, akakiegemeza kichwa kwenye kiti. "Hilo nalikubali," akasema, na akafumba macho. Mlangoni Sista mwingine aliita kwamba chumba cha pili wanamngoja. Mama mdogo akasema anakuja. Alikuwa anaangalia matone, akaangalia kifua cha Breki kinavyopanda na kushuka, akarudi kwenye matone, na hakusogea.